Fidla Yenye Homa

Kinanda changu cha kwanza cha maana kiliingia Unguja kimefungwa ndani ya blanketi. Mjomba alikileta kutoka Maskati: Roland Juno-106, aina iliyotoka mwaka 1984, sauti sita kwa pamoja, na uso mzima umejaa vishikio vya kusukuma juu na chini. Viwili vya mwanzo viliandikwa LFO juu yake. Kwa mwezi mzima nilidhani ni vibovu, maana nilivisukuma hadi mwisho na sikusikia chochote.

Kumbe LFO haikuwekwa ili isikike. Ni osileta, yaani kizalisha mawimbi, kama nyingine, ila inakwenda polepole mno. Sikio letu huanza kushika sauti kwenye hezi 20 hivi. Hii hucheza chini ya hapo, mara tano au sita kwa sekunde, pengine mara moja kwa sekunde kadhaa. Kazi yake ni kutikisa wengine. Ukiielekeza kwenye osileta inayolia, noti hupanda na kushuka kama kidole cha mpiga fidla juu ya uzi. Ukiielekeza kwenye filta, sauti hufumba na kufumbua kama mtu anayesema wau, wau. Lakini mpaka uinue kishikio cha huko inakokwenda, utasukuma hivyo viwili mpaka uchoke.

Nilipoijua, nikalewa nayo. Kikundi chetu cha taarab kilikuwa na fidla nne, zikabaki mbili, kisha moja, kisha nikabaki mimi na Juno yangu. Mwenye harusi hulipa kwa idadi ya vichwa. Harusi moja ya mtaa wa Ng'ambo nikaitia LFO kwenye fidla zangu mpaka juu. Mwimbaji akaanza ubeti, akatafuta sauti ya kushikia, hakuipata, kwa sababu kila noti ilikuwa inayumba pande zote mbili za mahali pake. Akinamama waliokuwa wamesimama kwenda kutunza wakarudi vitini na noti zao mkononi.

Mzee wetu wa fidla, aliyekuwa keshaacha kupiga, alinifuata nyuma ya jukwaa.

"Mwanangu, fidla yako ina homa," akasema. "Inatetemeka kabla haijafika."

"Shikamoo, mzee. Nifanyeje?"

Hakujibu. Kesho yake alikuja na fidla, akavuta uzi mmoja. Noti ilitoka imenyooka, ikakaa, ndipo kidole kikaanza kutikisika, kidogo kwanza, kisha kikapanuka. Akavuta tena, na tena. Niliporudi kwenye kinanda nikakitazama kile kishikio cha pili cha LFO, kilichoandikwa muda wa kuchelewa. Nilikuwa nimekiacha chini kabisa miaka miwili!

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Juno ina LFO moja tu kwa sauti zote sita, kwa hiyo ukibonyeza noti nyingi zote hutikisika kwa pamoja, kama watoto wa chuoni wakiitikia. Wapiga fidla wanne hawajapata kukubaliana namna hiyo. Nilipunguza kina, nikawasha korasi ya kinanda (nayo ndani yake ina mtikisiko wake), na mtetemo mkubwa nikauacha kwenye mkono wa kushoto: kile kipini ambacho ukikipeleka ubavuni kinapinda noti, ukikisukuma mbele kinaita LFO. Robo za sauti za maqamu, zile ngazi za muziki wa Kiarabu, niliziibia hapohapo.

Siku hizi nafanya kazi studio, Dar es Salaam, kwenye kompyuta. Programu zinanipa LFO kwa kila sauti peke yake, na vijana wanataka zifungwe kwenye mapigo ya ngoma. Nawafungia, na mara nyingi inapendeza. Ukija wimbo wa taarab, nazifungua.

Mzee hakuwahi kunisifu. Usiku mmoja ukumbini aligeuka ghafla kutazama ni nani aliyeingia na fidla, akaniona mimi. Akainua vidole viwili, akavishusha polepole: punguza kidogo.