Jeraha Lisilouma

Hapa Kirotshe, kando ya ziwa Kivu, baba yetu mdogo, mgonjwa wa kisukari, alichomwa na kisiki shambani. Hakusikia maumivu, kwa maana sukari ikizidi damuni miaka mingi hudhoofisha mishipa ya fahamu ya miguu, na hupunguza damu ifikayo huko. Alinunua vidonge sokoni, akameza siku tatu. Usaha ulipopungua akaviacha. Nasi tuliosoma tulinyamaza. Baada ya majuma machache kidole kikawa cheusi, na mganga wa hospitali hakuwa na budi kukikata.

Tangu hapo tumejifunza. Jeraha la namna hiyo mara nyingi hukaliwa na vijidudu vya aina nyingi pamoja: stafilokoki za ngozini, hata na vile vya matumboni. Dawa iuayo hivi haiviwezi vile. Ndiyo sababu, penye maabara, huchukuliwa kipande cha nyama toka ndani ya jeraha, vijidudu vikakuzwa, na dawa zikajaribiwa juu yao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa ikitumiwa pungufu huvizoeza vijidudu kuishinda.

Basi, akina baba na akina mama, mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila jioni. Kidonda kikionekana, hata kisichouma, aende hospitali siku ile ile. Kwetu, mjukuu hushika taa, na baba mdogo hunyosha miguu yake. Laiti tungalianza mapema!