Mathe Anasema Ninamfukuzia Wateja

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio mtu asiseme nimekuja kumhubiria.

Mwaka jana Cucu alipatikana na kisukari. Anaishi Tetu, kule juu ambapo asubuhi ya Julai ukifungua mdomo unatoa moshi. Daktari alimwambia apunguze sukari, na familia yote tukajipanga. Chai bila sukari. Soda marufuku. Mimi, mtoto wa tao mwenye simu na maoni mengi, nikasema hiyo ya vinywaji niachieni. Nikaingia supamaketi hapa Nyeri mjini, nikachukua chupa mbili za "juisi". Mbele kulikuwa na picha ya embe lililokatwa, majani ya kijani, na maneno makubwa kwamba haina rangi bandia. Nikajiona mjanja sana.

Nilipeleka hizo chupa kila nilipopanda kumwona, kwa karibu miezi mitatu.

Aliyenishika ni kasista kangu. Yuko Gredi ya Tano. Ana jina la Cucu, kwa hivyo mathe humwita "maitu", na Cucu mwenyewe humsikiliza kuliko sisi wote. Siku hiyo tulikuwa tumeketi jikoni, moto unawaka, yeye akageuza chupa na kuanza kusoma nyuma kwa sauti, vile wanafunzi husoma: maji, sukari, maji ya embe, asidi, ladha...

Cucu akamkatiza. "Umesema sukari?"

"Eeh, Cucu. Ni ya pili."

"Ya pili kwa nini?"

Kasista akaniangalia. Mimi nikaangalia moto.

Hilo swali halijawahi kunitoka. Kasista alisoma kila neno kwa Kizungu bila kukwama, lakini hakujua mpangilio wa maneno una maana. Cucu husoma Biblia yake ya Kikuyu kila jioni, lakini ile chupa ilikuwa kwa Kizungu, herufi ndogo kama mchanga. Na mimi ndiye ningeweza kusoma na kuelewa, ila kwa miezi mitatu sikuwa nimegeuza chupa hata mara moja.

Jibu ni hili, na ningetamani ningelijua nikiwa na miaka kumi. Viungo kwenye pakiti huandikwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi hadi kile kidogo kabisa. Kitu kikiwa cha kwanza, ndicho kingi. Kwa hivyo ile "juisi" yangu ilikuwa maji, halafu sukari, halafu ndio embe linaingia mwishoni kama mgeni aliyechelewa harusi. Na ukisoma mbele vizuri, hawakuwa wameandika juisi hata. Walikuwa wameandika kinywaji chenye ladha ya embe. Juisi niliiongeza mimi.

Sasa fikiria kwetu. Nyumba nyingi za hapa Nyeri, Karatina, Othaya, msomaji wa Kizungu ni mtoto. Ndiye husomea shosho ujumbe wa simu, ndiye husoma maagizo ya dawa ya ng'ombe, ndiye hutumwa dukani. Yaani mtoto ndiye anasimama kati ya familia na pakiti. Lakini hakuna mtu amekaa chini kumwonyesha pakiti inasema nini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Sawa. Habari iko pale. Iko nyuma, kwa herufi za mchanga, kwa lugha ambayo Cucu hasomi.

Basi nikaamua kufundisha watoto wa plotini kwetu. Mathe ana duka dogo hapa mtaani, na Jumamosi mchana watoto hujaa barazani. Niliwaambia kila mtu alete pakiti tupu. Walikuja na za krispi, biskuti, unga wa uji, maziwa, viungo vya mchuzi, kila kitu. Mmoja alikuja na pakiti ya chakula cha mbwa, na kusema ukweli ndiyo ilikuwa na maelezo mazuri kuliko zote.

Tulifanya mambo matatu tu.

La kwanza, vitu vitatu vya mwanzo. Usisome orodha yote, utachoka. Soma vitatu vya kwanza, hao ndio wenye nyumba. Wengine ni wapangaji.

La pili, majina ya kujificha. Sukari huwa haivai jina lake kila siku. Kuna sirapu ya mahindi, kuna glukosi, fruktosi, dekstrosi. Tuliita huo mchezo "mkia wa ose", kwa sababu kwa Kizungu mengi ya hayo majina huishia na hizo herufi tatu. Watoto waliwinda hiyo mikia kama panya. Biskuti moja ilikuwa na sukari mara tatu kwa majina matatu. Ukiigawanya hivyo, kila jina linashuka chini kwenye orodha, na unga unaonekana ndio mkubwa.

La tatu, hesabu. Hapa ndipo baraza lilinyamaza. Nilichukua chupa ya soda ya mililita 500. Nyuma iliandikwa sukari gramu 11. Mtoto mmoja akasema, "Si ni kidogo?" Nikamwambia asome tena. Gramu 11 kwa kila mililita 100. Chupa nzima ni mara tano, yaani gramu 55. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4. Nikaleta glasi na kopo la sukari, nikampa kasista kijiko. Walihesabu pamoja kwa sauti mpaka 14. Glasi ilikuwa imefika karibu nusu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linasema mtu mzima asipite kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana akomee 25. Mtu mzima. Kwa siku nzima.

"Na hiyo chupa ni ya mtu mmoja?" mmoja akauliza.

Nilifurahi sana siku hiyo. Furaha ilidumu kama wiki moja.

Kwanza, kuna binti mdogo alirudi kutoka shule akilia. Wenzake waliosoma pakiti na mimi walikuwa wamemcheka mapumzikoni kwa sababu alibeba krispi. Walimwita "mtoto wa chumvi". Hiyo ilinichoma, kwa sababu ni mimi niliwapa silaha na sikuwaambia ielekezwe wapi. Mama yake hutoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kuwahi kuchuma majani chai. Ile mbao ya krispi ndiyo mapenzi yake kwa mtoto siku hiyo. Jumamosi iliyofuata tulianza na sheria mpya: tunasoma pakiti, hatusomi mtu.

Pili, mathe.

Watoto walianza kuja dukani na kugeuza kila kitu. Wanashika biskuti, wanasoma, wanarudisha. Wanashika kinywaji, wanapiga hesabu, wanarudisha. Wengine wanaenda bila kununua. Jioni moja mathe alifunga dirisha la duka, akaniita.

"Wewe, unanifukuzia wateja."

"Mathe, nawafundisha tu kusoma."

"Na wewe ulisomeshwa na nini? Si ni hizo krispi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwa mbao mbili, mbao tatu za watoto wa watu. Akanieleza vile duka hufanya kazi, kitu ambacho sikuwahi kumuuliza miaka yote hii. Krispi haiozi. Soda haiozi. Ukiweka leo, hata mwezi ujao itauzwa. Ndizi akizinunua Karatina Jumanne, Ijumaa zimekuwa nyeusi na pesa yake imeenda. "Mimi siuzi hizi vitu kwa sababu nawachukia hao watoto," akasema. "Nauza kitu kinachongoja mteja."

Nimewaza hiyo sentensi sana. Tunaishi chini ya Mlima Kenya. Karatina kuna moja ya soko kubwa sana za wazi nchini, maembe na ndizi na machungwa yamerundikwa hadi barabarani. Halafu mtoto wa hapa hapa anakunywa ladha ya embe kutoka chupa kwa sababu ladha inangoja mteja na embe halingoji. Hapo kumlaumu mtoto, au mathe, ni kurahisisha mambo.

Ndio maana pia sipendi watu wakisema kazi yote ni ya wazazi na watoto kusoma. Nchi ya Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi. Mbele, si nyuma. Mtu ambaye hajui kusoma anaiona. Cucu angeiona. Hapa kwetu alama kama hizo zimekuwa zikizungumzwa, na mpaka siku nitaziona kwenye rafu ya mathe, tutaendelea kugeuza pakiti.

Na jambo moja ambalo watoto hunichanganya nalo: alama ya ubora ya KEBS. Wanafikiri ikiwa pale, basi chakula ni cha afya. Hapana. Inamaanisha bidhaa imepita kiwango chake. Soda inaweza kupita kiwango cha soda na bado ikawa na vijiko 14. Hiyo alama ina kazi yake lakini, na ukitaka kujua kama ni halisi, andika SM# ikifuatiwa na namba ya kibali iliyo chini yake, utume kwa 20023. Kasista hufanya hivyo na simu ya mathe, ananimalizia salio.

Tumefika wapi? Mathe hajaacha kuuza krispi, na sijamwomba aache. Lakini amezipandisha rafu ya juu, na pale chini, usawa wa macho ya watoto, ameweka njugu za kukaanga anazofunga mwenyewe na ndizi chache, anazinunua kidogo kidogo mara mbili kwa wiki. Njugu zinaenda. Ndizi zingine bado huishia kwetu kama chakula cha jioni. Anasema ananipa mpaka Desemba, halafu atapiga hesabu yake.

Cucu naye amekuwa mgumu. Juzi nilimpelekea maziwa ya pakiti, akayashika mbali, akampa kasista.

"Maitu, soma tatu za kwanza."

Ilikuwa moja tu. Maziwa. Akayapokea.

Wewe una nini jikoni sasa hivi? Mpe mdogo wako ageuze, halafu niambie kwenye maoni cha pili ni nini.