Magurudumu ya Mtu Mzito

Asubuhi moja ya mwezi Oktoba mwaka jana, nikiteremka kwa baiskeli kutoka Ngaramtoni kuelekea mjini Arusha, nilisikia mlio mfupi na mkali, kama wa uzi wa gitaa unaokatika. Kabla sijafahamu kilichotokea, gurudumu la nyuma lilianza kuyumba na kusugua fremu. Nilipofika ukingoni mwa lami, lori la mafuta lilinipita kwa umbali wa mkono mmoja. Njiti ilikuwa imekatika upande wa gia, pale inapopinda kuingia kwenye habu. Ilikuwa ya tatu katika miezi minne.

Nina kilo 108. Miaka miwili iliyopita daktari alinionyesha vipimo vya shinikizo la damu na kunitaka nichague mazoezi nitakayoyadumisha. Nikachagua baiskeli, nikanunua moja ya mbio iliyokwisha kutumika Ulaya. Baada ya njiti ya tatu kukatika nilikwenda dukani kuulizia magurudumu imara zaidi. Muuzaji alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akacheka bila nia mbaya, akasema, “Dokta, punguza kwanza mwili, ndipo uje tuzungumze.”

Nilitoka dukani nikitafakari duara hilo. Niendeshe baiskeli ili nipungue, na nipungue ili niendeshe baiskeli. Wanafunzi wangu wanalifahamu duara la namna hiyo kuliko mimi. Mhitimu hunyimwa kazi kwa kukosa uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi. Kijana asiye na mali hunyimwa mkopo kwa kukosa dhamana, ilhali mkopo ndio ungempa mali. Kila mara anayekwama huambiwa kwamba kasoro ni yake.

Nyumbani nilisoma kijitabu cha magurudumu yale. Kwa herufi ndogo, ukurasa wa mwisho, kiliandika kikomo cha kilo 100. Magurudumu mengi ya mbio huwekewa kikomo, mara nyingi kati ya kilo 100 na 120, na mnunuzi hana budi kusoma kwa makini: baadhi ya watengenezaji huhesabu mpandaji peke yake, wengine humjumlisha na baiskeli, maji na mizigo. Mimi na vyote nilivyobeba tulifikia kilo 120. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa na njiti 24 tu. Kwa hiyo halikuwa limeharibika; lilikuwa likifanya kazi ambayo aliyelibuni hakuikusudia.

Alikuwa amemkusudia nani? Jibu tuliliona sote Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Nami nilikuwa mbele ya runinga, nikiyatamani magurudumu yale yenye ringi pana kwenda juu, yanayopasua upepo. Wapandaji wengi walikuwa wembamba kama mianzi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, limeweka tangu mwaka 2000 uzito wa chini wa baiskeli kuwa kilo 6.8, kwa kuwa bila sheria hiyo wepesi ungetafutwa bila mwisho. Soko nalo hutuuzia wepesi huohuo sisi sote. Lakini hesabu yangu ni tofauti. Gramu 400 zikipunguzwa kwenye magurudumu, mzigo wangu wa kilo 120 hupungua kwa theluthi moja ya asilimia moja. Mlima Meru hautaihisi tofauti hiyo.

Basi niliamua kujifunza. Mhandisi Mmarekani Jobst Brandt, katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981, alieleza jambo ambalo macho hayalioni. Tumezoea kudhani kwamba habu huning’inia kwenye njiti za juu. Kumbe njiti zote zimekazwa tangu mwanzo, na zinazobadilika zaidi ni zile za chini: zinapofika usawa wa lami hulegea, kisha hukaza tena. Katika kilomita moja gurudumu huzunguka mara 475 hivi. Safari ya Arusha hadi Moshi, kilomita 80, ni mizunguko kama 38,000. Kwa hiyo njiti haikatwi na pigo moja. Inakatwa na uchovu wa chuma, na huchoka upesi zaidi ikiwa ni miongoni mwa chache, au ikiwa ilikazwa ovyo.

Upepo nao una kanuni zake. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya upepo unaokukabili huwa mara nne, na jasho la kuishinda mara nane. Katika tambarare ya Kisongo, nikienda kilomita 30 kwa saa, adui yangu mkuu ni hewa wala si uzito. Hapo mtu mzito hafai kudharauliwa. Ila sehemu kubwa ya upepo hukamatwa na mwili. Mkao mzuri huokoa nguvu nyingi kuliko ringi yoyote. Ringi yenye kina husaidia kidogo, na ina faida ya pili ambayo wauzaji hawaitaji sana: kina hicho huipa ukakamavu, ikaugawa mzigo kwa njiti nyingi zaidi. Uimara na kupasua upepo si lazima vigombane. Hasara yake ni upepo wa ubavuni, ule unaovuma kwenye barabara ya mchepuo iliyo wazi kusini mwa mji na kutaka kuunyakua usukani. Ndiyo maana gurudumu la mbele linafaa liwe na kina kidogo kuliko la nyuma.

Nikiwa na elimu hiyo yote nilikwenda Tengeru kwa fundi mmoja mzee, ambaye wateja wake ni vijana wanaoteremsha mikungu ya ndizi kutoka miteremko ya Meru kwenda sokoni. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakuutazama mwili wangu. Aliliinua gurudumu, akazigusa njiti mbilimbili kwa kidole akisikiliza sauti zake, akaniuliza, “Mwalimu, hili lilitengenezwa kubeba nini?”

Kisha alinionyesha baiskeli ya mteja wake, Raleigh ya zamani, yenye njiti 32 mbele na 40 nyuma. Huo ulikuwa utaratibu wa kawaida wa baiskeli za Kiingereza, kwa sababu nyuma ndiko kunakokaa mzigo. Maarifa niliyoyasaka kwa majuma mawili yalikuwa yameegemezwa pale kwenye mgomba.

Tuliafikiana hivi. Ringi za alumini, mbele milimita 30 za kina, nyuma 40. Njiti 28 mbele na 32 nyuma, kila moja ikipishana na nyingine mara tatu, na nati zake za shaba badala ya alumini. Tairi za milimita 32 zenye upepo wa wastani, maana matuta na mashimo yetu hayamsamehe mtu anayejaza tairi ikawa kama jiwe. Breki za diski, ili ringi isichakazwe kwenye miteremko. Fundi alizikaza njiti kwa siku mbili, akazibana kwa viganja jozi kwa jozi ili zitulie, akaniamuru nirudi baada ya kilomita 200 azikague tena. Nimekwisha kwenda kilomita 1,900. Hakuna njiti iliyokatika, na kwenye tambarare ninakwenda kasi kidogo kuliko zamani. Nimepungua kilo tano, lakini magurudumu haya hayakuningoja nipungue.

Mtengenezaji wa magurudumu yale ya kwanza anastahili sifa moja: aliandika kikomo chake, japo kwa herufi ndogo. Sisi tunaobuni mambo ya umma hatuandiki. Ofisi ya huduma kwa wastaafu huwekwa ghorofa ya tatu pasipo lifti. Barabara hujengwa bila ukingo wa kumpitisha mbeba ndizi, kisha ripoti ya ajali humlaumu kwa uzembe. Fomu hudai barua pepe kwa mama ambaye hana simu. Katika kila kimoja yupo raia aliyefikiriwa, mwenye magoti mazima, gari na intaneti. Wengine tumevuka kikomo bila kuambiwa, na tunapokwama tunashauriwa tujirekebishe.

Wengi mnaosoma hapa ni watumishi wa umma, au mtakuwa hivi karibuni. Siku moja mtaletewa mchoro, ratiba au kanuni muitie saini. Naomba kabla ya kuitia mkumbuke swali la yule mzee wa Tengeru: hili limetengenezwa kubeba nini? Na kama jibu ni kwamba halikutengenezwa kuwabeba watu watakaolitumia, msiwaambie wapungue.