Kitu au Watu: Sauti Katika Giza la Banda

Jua likishazama upande wa Malawi, maji ya Mbamba Bay hayabaki gizani. Wavuvi wa usipa huwasha taa zao na kusukuma vyombo, na baada ya kitambo kidogo ziwa la mbele huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Anayeteremka usiku kutoka milima ya Umatengo, kwa barabara itokayo Mbinga, huziona taa hizo kabla hajalitambua ziwa lenyewe, na akiwa mgeni huweza kudhani ni nyota zilizoshuka. Mwenyeji hadhani kitu. Anajua kuwa kila taa ina mtu wake.

Filamu ya Kimarekani iitwayo The Vast of Night imejengwa juu ya hofu ya asiyejua taa ile ni ya nani. Aliyeiongoza, Andrew Patterson wa Oklahoma, aliigharimia kwa fedha zake alizozichuma katika kutengeneza matangazo ya biashara. Yasemekana gharama haikuzidi dola 700,000, ambazo Hollywood pengine hazitoshi hata kuwalisha watendaji. Ilikataliwa na matamasha mengi kabla ya kupokewa Slamdance mwaka 2019, na huko ikatunukiwa tuzo ya watazamaji. Amazon ikainunua, na mwezi Mei 2020, majumba ya sinema yakiwa yamefungwa kwa sababu ya Uviko-19, ikaonyeshwa Marekani katika viwanja ambamo watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Hadithi yake ni ya usiku mmoja wa miaka ya 1950, katika mji mdogo wa kubuniwa uitwao Cayuga. Karibu mji mzima umekwenda kutazama mpira wa kikapu. Waliobaki ni Fay, binti wa shule aketiye kwenye mtambo wa kuunganishia simu, na Everett, mtangazaji wa redio. Sauti isiyojulikana inaingia katika nyaya, nao wawili wanaiandama.

Walioiona waligawanyika. Wako waliolalamika kuwa ni maneno matupu: Fay huchomeka na kuchomoa nyaya kwa karibu dakika kumi, kamera haihami, na hakuna kinachotokea ila uso wa msichana anayesikiliza. Wengine wakajibu kuwa hapo ndipo ulipo utamu. Mtu aliyelelewa na michezo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, aliyewajua Pwagu na Pwaguzi kwa sauti zao tu na hata hivyo akaziona nyuso zao, hahitaji kupigiwa mfano mwingine. Lakini mfano upo, nao ni mchungu. Mwezi Februari 1949, mjini Quito, Ecuador, redio ilicheza hadithi ya H. G. Wells ya uvamizi kutoka sayari ya Mirihi bila ya kuwatanabahisha wasikilizaji. Walipogundua kuwa wamechezewa, walilichoma moto jengo la kituo, na watu wakafia ndani. Patterson anaijua nasaba hiyo: redio yake ya kubuni huitwa WOTW, herufi za mwanzo za jina la kitabu hicho cha Wells.

Je, filamu ya namna hii ikiingizwa Mbinga, katika kibanda umiza kimojawapo, itapokewaje? Swali haliwezi kujibiwa bila ya kumtaja msimulizi. Vibanda hivyo siku hizi huishi zaidi kwa mpira wa Ulaya, lakini vilijifunza sinema kwa mdomo wa mtu. Uganda walikuwa na VJ Lingo. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyeziingizia filamu za kigeni sauti yake ya Kiswahili, akawa mhusika wa kila filamu aliyoigusa. Mjerumani Matthias Krings, mwanaanthropolojia, alipoandika juu ya sanaa hiyo, aliipa makala yake jina linalotokana na wali uliogeuzwa pilau. Mfano ni mzuri, ila una hatari yake. Pilau haivumilii kimya, na msimulizi hodari huona kimya ni ufa wa kuzibwa. Akizijaza dakika kumi za Fay kwa mzaha, hadhira itacheka, na filamu itakuwa imekufa mikononi mwake.

Hata hivyo ugumu mkubwa zaidi umo katika sarufi. Wahusika wa Cayuga husema kwamba kuna kitu angani, na Kiingereza huwaruhusu kubaki hapo muda wautakao, bila ya kuamua kitu hicho ni cha namna gani. Kiswahili hakina subira hiyo. Kitendo kikija, ngeli huja nacho. Kimeshuka, au wameshuka? Msimulizi akisema "wameshuka" katika dakika ya thelathini, amekwisha kuufumbua ukungu wote kwa silabi moja. Akisema "limeshuka", watoto wa mbele watangoja jitu lenye meno. Akisema "umeshuka", ametia mzimu, na mzimu una kwao. Una wazee wake, una njia ya kutulizwa. Muhammed Said Abdulla alilijua hilo alipokiita kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960: jina humpeleka msomaji upande wa makaburi, kisha Bwana Msa akamrudisha taratibu hadi kwa binadamu walio hai na tamaa zao. Kazi hiyo na Cayuga ni za zama moja, ingawa moja iliandikwa zama zile zile na nyingine inazikumbuka kwa mbali.

Kwa hiyo mfasiri wa filamu hii hana budi kuishikilia "ki-" kwa meno, hata pale ulimi unapomvuta kwingine, mpaka sauti ya Billy isikike.

Billy ni mtu anayepiga simu redioni. Alikuwa mwanajeshi, alichukuliwa pamoja na wenziwe kufanya kazi ya siri jangwani, wakafukia kitu wasichoelezwa, na kazi ile ikamwachia maradhi. Kisha anaeleza kwa nini walichaguliwa wao. Ni mtu mweusi, na wenziwe walikuwa weusi au Wameksiko, watu ambao hata wangesimulia, nani angewaamini? Mkoa wa Ruvuma hauhitaji tanbihi hapa. Zama za Waingereza, Songea ilikuwa chemchemi ya wanaume waliosafirishwa kwenda mashamba ya mkonge, nao wakaitwa manamba, kwa kuwa huko mtu alijulikana kwa namba yake. Neno lenyewe, kwa umbo lake, limekaa na mawe na makasha. Wajukuu wao ndio watakaokaa kwenye viti vya banda wakimsikiliza Billy. Hapo msimulizi atalazimika kuihama "ki-", na neno "watu" halitawahusu wa angani kwanza, bali waliokuwa wakichimba.

Na papo hapo, Billy akiwa bado anasimulia, Patterson anaizima picha. Kioo kinakuwa cheusi kabisa na sauti inaendelea. Marekani wako waliodhani mtambo umeharibika. Mbinga watageuka kumtazama mwenye banda, kwa kuwa kioo cheusi huko kina maana moja tu inayojulikana, na atakayepiga kelele kwanza ataitaka fedha yake irudishwe. Kisha watagundua kuwa feni bado inazunguka. Mtu mmoja atasema "shhh". Msimulizi amekaa na kipaza sauti chake mkononi, hana picha ya kuielekeza, hana ngumi wala gari la kulitania. Amebakiwa na maneno ya mtu asiyeaminiwa, na safu za watu gizani wanaomsubiri aseme.