Mkanda wa shingo kwenye njia ya Luano

Bamama, juma hili twende Luano.

Ukitoka katikati ya Lubumbashi kuelekea uwanja wa ndege, nyumba zinapungua kidogo kidogo na vumbi jekundu linaanza kutawala. Utapishana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makala mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Kando ya njia kuna vichuguu virefu kuliko mtu, na vingine vimekwisha kuliwa nusu na majembe, kwa kuwa udongo wake ni mzuri kwa matofali. Wazee wakisikia jina la Luano wanakumbuka tarehe 17 Januari 1961, siku Patrice Lumumba aliposhushwa hapa kutoka kwenye ndege, naye hakufikisha umri wa miaka thelathini na sita. Vijana wanakumbuka tu ndugu waliokuja kuwapokea kutoka Kinshasa. Sisi leo hatupokei mtu. Tunakwenda kuangalia mbwa, na hasa shingo za mbwa.

Msicheke kwanza. Tembea njia hii asubuhi, wakati watoto wanakwenda shule, uhesabu. Wa kwanza utakaowaona ni mbwa wa shingo tupu, wale wa rangi ya udongo, mkia umepinda, wanaolala katikati ya njia kana kwamba waliinunua. Huyu ni wa nani? Kila mtu atakuonyesha nyumba nyingine. Halafu kuna mbwa wa ulinzi, nyuma ya ukuta au mlangoni kwa fundi, wamefungwa kipande cha waya, kamba ya nailoni, au ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Na sasa, miaka hii, wapo wageni: vijibwa vya manyoya vinavyobebwa mkononi kama mtoto, vimevishwa mkanda wa rangi ya waridi wenye kengele na mawe ya kung'aa, na mara nyingine gauni. Mwenye kijibwa anashuka kwenye gari, watoto wa mtaa wanakusanyika, kila mmoja anataka kugusa.

Katika hao wote, aliyevaa vizuri ni nani? Mimi nasema mara nyingi hakuna hata mmoja.

Mama mmoja wa upande huu alinieleza habari ya mwanawe wa miaka saba. Aliumwa mguuni na imbwa mdogo, kidonda si kikubwa, meno mawili tu. Mbwa akakimbia. Hakuwa na chochote shingoni, na jioni hiyo mtaa mzima haukuwa na mtu mwenye mbwa. Wote walikuwa na paka. Mama huyo alifanya jambo la kwanza lililo sawa: aliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, akimwacha mtoto alie. Kisha akampeleka kuchomwa sindano, naye akarudi tena na tena kwa majuma, akiacha meza yake sokoni bila mtu. Mtoto ni mzima. Lakini kama mbwa angejulikana, angefungwa na kuangaliwa siku 10. Mbwa akiwa hai na mzima baada ya siku hizo 10, mnajua kwamba siku alipouma hakuwa na kichaa cha mbwa katika mate yake, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Kuanza kutibu hakungoji siku hizo 10, tusichanganye. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Duniani unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa sababu wao ndio wanaocheza naye.

Kwa hiyo mkanda wa shingo ni anwani ya mbwa. Mapambo yanakuja nyuma sana.

Na tusidhani kumvika mbwa ni jambo lililoletwa na ndege. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wa kuwinda ambao Wazungu wanawaita basenji, masikio yamesimama, mkia umejikunja, uzito kama kilo 10. Hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji, wasije wakampoteza mbwa wao kwenye majani marefu, waliwafunga kengele. Wakongo wa upande wa bahari walizichonga kwa mti, nazo zinaitwa dibu; nyingine zimewekwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na watu wanalipa kuziangalia. Mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa huko London, na watu wakashangaa. Babu zetu walikuwa na sababu ya ile kengele. Kijibwa anayebweka tangu alfajiri mpaka usiku hana haja nayo, tena sauti ile ikiwa chini ya sikio lake mchana kutwa ni mateso. Mimi ningeitoa.

Sasa kipimo. Chukua uzi, uzungushe chini ya shingo ya mbwa, mahali mkanda utakapokaa, kisha uulaze kwenye sentimeta ya fundi cherehani. Ukishamfunga, vidole vyako viwili vilale vipitie kati ya mkanda na shingo. Visipopita, unamnyonga. Kikipita kiganja, atautoa kichwani au mguu wake wa mbele utanasa humo. Uvute kidogo kuelekea masikioni: usivuke. Kwa kijibwa cha kilo mbili au tatu, upana wa kidole kimoja unatosha, na chuma cha kufungia kiwe chepesi. Nimeona mkanda wa ng'ombe kwenye shingo ya kitu kidogo kama sungura. Kichwa kilikuwa chini muda wote, na mwenyewe alidhani ni adabu.

Mbwa mtoto apimwe kila juma. Hapa ndipo waya na kamba zinapofanya ubaya wake. Mbwa anakua, waya haukui. Manyoya yanaficha, na siku harufu inapotoka, waya umekwisha kuingia ndani ya nyama. Mpira wa baiskeli nao unavutika kidogo halafu unabana, na chini yake maji yanakaa, kupe wanajificha. Kama huna kingine, kitambaa cha kitenge kilichokunjwa mara nne na kushonwa mistari mitatu kinashinda waya mara mia.

Kwa vijibwa hivi vidogo kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Koo lao ni laini. Ukifunga kamba kwenye mkanda wa shingo na mtoto akaivuta, njia ya hewa inaweza kubanwa, na mbwa anaanza kikohozi kama sauti ya bata. Kamba ya kumwongozea ifungwe kwenye mkanda wa kifua, ule unaopita mbele ya kifua na nyuma ya miguu ya mbele, ili nguvu iwe mwilini. Shingoni ubaki ule mwembamba wa anwani tu.

Anwani yenyewe tuandike wapi? Katanga tuna shaba, na mafundi wetu wanaoigonga wanaweza kukukatia kibati kidogo cha mviringo na kukuchongea namba ya simu. Ni kizuri, hata kikigeuka kijani kwa mvua namba inabaki. Waambie wasugue kingo mpaka zisikwaruze. Lakini kwa mbwa mdogo sana mimi napendelea uzi. Bamama wengi wa chama wanajua kudarizi. Namba ya simu ikishonwa kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cha njano, mtu anaisoma bila kumshika mbwa, na uzi hauna uzito. Jina la mbwa si lazima. Mwizi ndiye anayependa kulijua.

Rangi pia inaweza kusema. Katika kampeni nyingi za chanjo Afrika, mbwa akishachanjwa anafungwa mkanda wa rangi au anapakwa alama, ili watu wajue nani amebaki. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hebu fikirini mtaa mmoja wa Luano ukikubaliana rangi moja kwa mwaka mmoja. Tungehesabu kwa macho tukienda sokoni. Mji wetu una bahati, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Tiba ya Mifugo. Pa kuanzia kuuliza habari za chanjo hatuna haja ya kupatafuta mbali.

Tuje kwenye nguo, maana najua ndizo mlizokuwa mnazingoja. Lubumbashi iko juu, kiasi cha mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai sote tunaujua. Mbwa wa manyoya mafupi, mdogo, mzee au aliyezaliwa juzi anatetemeka kweli. Nguo yake rahisi kuliko zote ni mkono wa sweta kuukuu: ukate urefu wa mgongo wake, toboa matundu mawili ya miguu ya mbele, kunja kingo ushone. Upande wa kiganja unakaa shingoni. Tumbo kwa nyuma liwe wazi, hasa kwa dume, asije akalowesha. Usitie vifungo, shanga wala nyota za kung'aa, kwa sababu atazitafuna, na kilichomezwa na mbwa wa kilo mbili ni hatari. Usitie mpira wa kubana miguuni. Mbwa mwenye manyoya mengi amevaa tayari, mwacheni.

Mwezi wa kumi, joto likipanda kabla ya mvua, nguo zote zitoke. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; anapoza mwili kwa kuhema, ulimi nje. Gauni la harusi mchana wa Oktoba, kwa ajili ya picha, ni kumpika. Na mvua ikianza, nguo iliyolowa ikikaa mwilini inaleta ukungu na mapele.

Neno moja kuhusu mikanda ya dawa ya viroboto inayouzwa kwenye vifuko. Soma uzito ulioandikwa. Ya mbwa mkubwa usiikate nusu ukampa mdogo, kwa kuwa dawa haipimwi kwa urefu. Kama nyumbani kuna paka, muulize daktari wa wanyama kwanza, maana permetrini inayowekwa kwenye dawa nyingi za mbwa ni sumu kwa paka. Na mtoto anayetambaa, anayemshika mbwa shingoni halafu anatia vidole kinywani, huyo ndiye wa kufikiriwa kabla ya kiroboto.

Najua sauti itakayotoka nyuma ya ukumbi: minervali ya mtoto haijalipwa, nami nimshonee imbwa koti? Dada, una haki, na mimi niko upande wako. Sweta la mbwa linakuja baada ya sweta la mtoto. Mawe ya kung'aa yasije kabisa. Lakini chanjo na mkanda haviko kwenye hesabu ya mbwa. Viweke kwenye hesabu ya mtoto, pamoja na chandarua na sabuni. Nyumba inayogawa bukari na mbwa inaweza kumpa kipande cha kitambaa cha sentimeta 30 chenye namba ya simu. Asiyeweza hata hicho, pengine asiwe na mbwa kwanza.

Vitambaa vilivyobaki kwenye sare zetu vipo, na uzi upo. Anayetaka mkanda alete katika mkutano ujao uzi wa kipimo cha shingo, ameufunga fundo mahali unapoishia, na namba ya simu kwenye karatasi. Mbwa mwenyewe abaki nyumbani. Ukumbi ni mdogo, na mwaka jana kuku wa mnada tu walitushinda.