Tiketi ya Bei Poa

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili. Nilikuwa Mombasa, na safari yenyewe imenifunza jambo.

Nilinunua tiketi kutoka Nairobi kwa shilingi 4,800. Kando yake kulikuwa na nyingine ya 8,300, ndege ile ile, saa ile ile. Nikacheka. Nani alipe 3,500 zaidi akalie kiti kile kile?

Mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho Alhamisi, nami ndiye wa kumshika mkono. Jumanne jioni daktari akausogeza hadi Jumatatu. Nikapigia shirika la ndege simu. Ada ya kubadilisha tarehe, nikaambiwa, ni 3,000. Nikasema sawa. "Na tofauti ya nauli ni 5,200." Viti vya bei yangu vilikuwa vimekwisha, vilivyobaki ni vya 10,000. Jumla nikatumia 13,000. Mwenye tiketi ya 8,300 hangetozwa ada. Angeongeza 1,700 tu.

Kwa sisi waandishi wa programu, mantiki yake haina uchawi. Ndani ya kompyuta viti vya ndege moja vimegawanywa mafungu. Kila fungu lina herufi yake, na kila herufi ina bei na masharti: kubadilisha, kurudishiwa pesa, wakati mwingine hata mzigo. Si mambo ya jana haya. Mfumo wa Sabre wa American Airlines, uliojengwa pamoja na IBM, ulianza kazi miaka ya 1960. Anayejua tarehe yake mapema huuziwa rahisi, lakini hufungwa mikono. Asiyejua huuziwa uhuru.

Na uhuru huo ni silaha ya ushindani. Agosti 2020, wakati wa korona, United ya Marekani ilitangaza kufuta ada ya kubadilisha tiketi zake nyingi za safari za ndani. Delta na American wakafuata mara moja. Lakini soma vizuri: iliyofutwa ni ada, si tofauti ya nauli. Ukihamia siku ya bei ghali, utaongeza tu.

Lililoniuma zaidi ni hili. Nilipofungua barua pepe ya tiketi, masharti yote yalikuwemo. Nilibofya "Nimekubali" bila kusoma, mimi ambaye nimewatengenezea wateja kurasa zenye kisanduku hicho hicho, nikijua fika hakuna anayesoma.

Basi siku hizi kabla ya kulipa najiuliza swali moja: tarehe hii ni yangu, au ni ya mtu mwingine? Ikiwa ni likizo yangu, nachukua ya bei poa. Ikiwa ni ya daktari, ya mahakama au ya mwajiri, nanunua inayobadilika.

Mama sasa anaona vizuri. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kwa nini nimekonda.