Pesa ya Mvuvi Umeichora Wapi?

Mwaka 2019 rasi ya Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, ilijaa matingatinga. Juni mwaka ule kampuni ya Anadarko ilitangaza kwamba mradi wa gesi asilia utajengwa, kwa gharama ya takriban dola bilioni 20, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya Total ikachukua nafasi yake. Kambi zilihitaji chakula. Mimi nilivuka mto Ruvuma kutoka Mtwara, nikaajiriwa na mzabuni mmoja wa vyakula, kazi yangu ikiwa samaki. Kwa kuwa nilikuwa nimepitia Dar es Salaam mafunzo ya kaizeni, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, niliagizwa nitafute mahali samaki wanapoharibikia.

Nilichora ramani ya mkondo wa thamani, njia iliyotokana na viwanda vya Toyota. Unaanzia kwa mlaji na kurudi nyuma kwa miguu: jikoni, chumba cha baridi, mizani, geti, barabara, pwani. Kila kituo unaandika kazi imechukua muda gani, na kitu kimekaa bure muda gani. Penseli, karatasi na saa ya mkononi vinatosha. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alitaja aina saba za upotevu, na wanafunzi wa fani hii huzikariri zote. Kwetu Afungi moja ilizimeza nyingine, nayo ni kusubiri.

Kumpara samaki, kumpima na kumtia barafu ni kazi ya dakika. Saa nzima nzima zilipotea getini, akisubiri mkaguzi, kisha akisubiri karatasi iliyokuwa ikizungushwa kutoka meza hii hadi ile. Tukapeleka mizani nje ya geti, karatasi mbili zikawa moja, na barafu ikaanza kutangulia pwani alfajiri. Changu wakafika jikoni macho yao yangali maangavu. Nilifurahi sana, na hadi leo naamini ilikuwa kazi nzuri.

Hata hivyo samaki wazuri walikuwa wachache. Nguru wakubwa na kolekole tuliwaona wakipita kwenye matenga ya wachuuzi kuelekea Palma mjini, sisi tukabakiziwa wadogo wa mchana. Siku moja nilimtandazia mzee mmoja wa kijiji cha Quitunda karatasi yangu na kumweleza mishale yote. Aliitazama kwa utulivu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chenye Kimwani, lugha ya pwani ile, ndani yake, "Mwanangu, na pesa yangu umeichora wapi?"

Sikuwa na jibu pale pale, ila nililifuata swali lake kama nilivyomfuata samaki. Stakabadhi ilitoka pwani ikaenda ofisini, ikasubiri gari la kwenda mji wa Pemba, hukohuko Msumbiji, ikasubiri sahihi, ikarudi kwa sababu jina la mvuvi halikulingana na kitambulisho, ikaenda tena. Samaki alikuwa ameliwa zamani na mvuvi hajaona hata metikali. Mchuuzi alilipa kidogo lakini alilipa papo hapo, na mwenye deni la nyavu na watoto nyumbani humpa samaki bora anayelipa papo hapo. Basi uozo tulioutafuta barabarani ulikuwa unaanzia kwenye malipo. Ramani yangu ya pili ikawa na mistari miwili, mmoja wa samaki na mmoja wa pesa, na ule wa pesa ulikuwa mrefu kupita kiasi.

Mzee hakuishia hapo. Watu wa kijiji cha Quitupo walikuwa wamehamishiwa Quitunda, kijiji kipya chenye nyumba za matofali, kupisha eneo la mradi, karibu hekta 7,000. Zamani mvuvi aliamka, akasikiliza upepo na kushuka pwani kwa miguu. Sasa bahari ilikuwa mbali, na gari la kumfikisha lilikuja kwa saa ileile kila siku. Maji hayana saa ileile. Kila siku huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya juma moja gari lililokuwa likiyawahi maji huwafikisha pwani mitumbwi imekaa mchangani. Wanawake wanaochokoa pweza ndio walioumia zaidi, kwani wao hutegemea saa chache za maji kupwa mchana, hasa siku za bamvua, na saa hizo zikipita hazirudi hadi kesho. Hakuna ramani ya ofisini iliyohesabu kungoja huko, kwa sababu kulitokea nje ya uzio. Tangu hapo siamini hesabu ya upotevu isiyoonyesha ni muda wa nani unaohesabiwa.

Nilianza ramani ya tatu, sikuimaliza. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa na waasi wenye silaha. Maelfu walikimbilia Quitunda na Afungi, wengine wakapanda vyombo hadi Pemba, wengine wakatembea kuelekea Ruvuma. Mwezi uliofuata Total ilitangaza kusimamisha mradi kwa sababu za dharura, na tamko hilo likaondolewa Novemba 2025 tu. Wavuvi niliowajua wametawanyika. Wachache nimewapata Mtwara.

Kazi inarudi Afungi, na vijana wanaoandaa zabuni za chakula hunipigia simu wakitaka ramani zangu za zamani. Ninawapa, lakini kwanza nawataka wabandike ukutani jedwali la maji kupwa na kujaa la ghuba ya Palma, wapange magari kwa jedwali hilo, na walipe palepale kwenye mizani, metikali mkononi mwa mvuvi kabla sanduku la barafu halijafungwa.